Mzigo Mpana Gizani

Msikilizaji, mpaka wa Busia haulali. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi Februari 2018, karatasi za Kenya na Uganda hukaguliwa chini ya paa moja, na malori hupita usiku na mchana. Lori lililobeba transfoma kubwa ni habari nyingine. Mzigo usiogawanyika ukizidi vipimo, au gari likipita tani 56 ambazo ndizo kikomo cha Afrika Mashariki, huhitaji kibali maalumu, na safari ni ya mchana tu.

Wapo wanaonung'unika: mbona Ujerumani mizigo kama hii huhamishwa usiku, barabara zikiwa tupu? Ni kweli. Ila huko barabara ina alama zinazong'aa. Huku kwetu, kati ya Tororo na Malaba, lori likiharibika onyo lake ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami, na bodaboda huibuka gizani bila taa, imepakia abiria wawili na kreti ya soda.

Kwa hiyo marufuku ya safari za usiku ibaki. Kasoro ni pale jua linapozama trela bado liko kwenye foleni. Dereva huegesha ukingoni, mzigo umekula nusu ya njia, na ile hatari tuliyoikwepa inatungoja palepale. Mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, upande wa Kenya, na wizara ya ujenzi iliyorithi kazi za mamlaka ya barabara, UNRA, upande wa Uganda, waanze na maegesho yenye taa. Mjadala wa kibali kimoja kwa nchi zote mbili ufuate.