Mtoto Amleaye Nyanya Yake

Ndugu wananchi wa Busia na Tororo,

Tumkutapo mtoto mpakani saa za masomo, mzigo kichwani, tusiharakishe kumwita mtoro; huenda amemwacha nyumbani nyanya asiyejiweza. Kenya, Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwetu Uganda, SAGE ilipoenezwa nchi nzima ilianzia miaka 80, kwa shilingi 25,000. Wabunge wetu wameuhoji umri huo mara kadhaa. Kuuamua si kazi ya polisi. Ila twaona hivi: umri wa mzee huulizwa, amwogeshaye haulizwi. Basi mjulisheni mwenyekiti wa LC1, au pigeni 116, Uganda hata Kenya. Nasi tutamuuliza mtoto kwanza nani yuko nyumbani.