Mtoto Akililia Wembe: Safari Zetu za Kila Siku na Watoto Wabishi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya akina mama wenye watoto wadogo, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Wenzetu waliotangulia wameeleza vizuri habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi tumepewa nafasi ya kumzungumzia mtu mwingine, ambaye hana hisa hata moja, hajalipa kiingilio, wala jina lake halimo daftarini, lakini mkutano hakosi. Huyo ni mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu. Hapa kwetu Temeke tumempa jina la "Mwenyewe", kwa sababu ndilo neno lake. Kuvaa ndala, mwenyewe. Kupanda ngazi, mwenyewe. Kumlipa konda, mwenyewe. Na neno lake la pili ni "sitaki".

Huenda wapo watakaocheka, waseme, siku kubwa kama hii tunaletewa habari za ubishi wa watoto! Jamani, tusikilizeni. Mama asiyeweza kutoka na mtoto wake hawezi kwenda sokoni, hawezi kwenda kliniki, na hawezi kuleta hisa yake siku ya mkutano. Kabla fedha haijafika sandukuni, ni lazima mama atoke nyumbani na mtoto, wafike salama, na warudi salama.

METHALI MBILI

Wazee wetu wametuachia methali mbili. Moja inasema, mtoto akililia wembe mpe. Ya pili inasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mara nyingi watu huzitumia kushindania: huyu anasema mwachie, yule anasema usimwachie. Sisi tunaotembea na watoto hawa kila siku tumeona kwamba kila methali ina mahali pake.

Ukiangalia sana, vitu vingi anavyovililia mtoto si wembe hata kidogo. Anataka kubeba kitunguu. Anataka kuvaa gauni la sikukuu kwenda kuchota maji. Anataka kusimama kumtazama paka. Hayo hayamdhuru mtu, ila yanatuchelewesha. Lakini kuna vitu ambavyo ni wembe kweli: barabara, bahari, na moto. Hivyo hapewi, hata akilia mpaka mtaa mzima ukusanyike.

Kwa hiyo, madogo tumwachie, ya hatari tumkatalie, na tukishakataa tusibadilike. Mbona hata katiba ya kikundi chetu ni hivyohivyo? Masharti yake si mengi, lakini hayayumbi. Anayechelewa analipa faini, hata awe Mwenyekiti. Ingekuwa leo tunatoza na kesho tunasamehe kwa kuoneana haya, tusingefika miaka kumi. Mtoto naye anajua sana kupima katiba. Ukimkatalia mara tatu, mara ya nne ukakubali kwa sababu watu wanatazama, hajifunzi kwamba umemhurumia. Anajifunza kwamba inatakiwa kulia mara nne.

KWENYE DALADALA NA BARABARANI

Tuanze na daladala. Gari limejaa, konda anasema, "Mama, mpakate mtoto, hiyo siti ya mtu." Mwenyewe hataki kupakatwa. Anajipinda kama upinde, kichwa nyuma, miguu mbele, na abiria wote wanageuka kututazama.

Tumejifunza kuzungumza naye mapema, tukiwa bado kituoni, kabla gari halijafika: "Tukipanda utakaa mapajani kwa mama. Nauli utampa konda wewe." Kisha tunamfumbatisha zile sarafu. Basi hapo anakaa kimya kama mhasibu, macho yote kwa konda. Mtu mwenye kazi hana nafasi ya kugoma.

Kuvuka Barabara ya Kilwa ni jambo jingine. Hapo tunamshika kifundo cha mkono, siyo vidole, maana vidole vyenye mafuta ya andazi vinateleza. Tunamwuliza, "Unataka kushikwa mkono au kubebwa mgongoni?" Achague. Njia zote mbili zinamvusha akiwa hai, na yeye anaona ameamua. Kuvuka peke yake hakumo kwenye orodha.

SOKONI

Sokoni Mwenyewe anapenda mafungu. Akiona nyanya zimepangwa vizuri, mkono wake unawasha. Anavuta ile ya chini, na fungu zima linamiminika. Mama muuza nyanya anaguna, na sisi tunainama kuokota.

Dawa yake ni kumpa mzigo. Kitunguu kimoja tu, akibebe kwa mikono miwili mpaka nyumbani. Utamwona anatembea kifua mbele kama mchukuzi wa Kariakoo. Ni kweli kwamba mwendo wa dakika kumi unakuwa wa nusu saa, maana njiani kuna sisimizi, kuna kijiwe kizuri, kuna mbuzi wa kusalimiwa. Kwa hiyo tunatoka mapema.

Tena tusisahau tumbo. Mara nyingi ubishi wa saa saba mchana si ubishi, ni njaa na usingizi. Mtoto hajapata maneno ya kusema "nimechoka", kwa hiyo anajitupa chini. Ndizi moja mbivu na chupa ya maji kwenye kikapu vimetuokoa kuliko maneno mengi.

KIVUKONI

Kigamboni tuna ndugu, na wengine wetu hufuata samaki pale Feri. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, lakini wengi tunaotembea kwa miguu bado tunapanda kivuko pale Magogoni, watu na magari pamoja. Pale hatuna mzaha. Kabla ya kuingia, mtoto anafungwa mgongoni kwa kanga, na tunasimama katikati, mbali na ukingo.

Mwenzetu mmoja alivuka na mwanawe wa miaka miwili aliyetaka kushuka ayatazame maji. Mama akamwambia mara moja, kwa upole, "Maji utayaona ukiwa mgongoni." Basi mtoto akaanza. Alilia kutoka Magogoni mpaka ng'ambo, anapiga mateke, anavuta kitambaa cha mama yake. Bwana mmoja akasema, "Si umshushe tu, mama, anatupigia kelele!" Mwenzetu hakumjibu, wala hakumshusha. Walipotua nchi kavu mtoto akaona kaa anakimbia mchangani, kilio kikaisha palepale. Na sisi tunasema, kilio cha mtoto hakijawahi kumzamisha mtu.

KLINIKI

Mtoto mchanga unampeleka kliniki amelala. Mwenyewe hakubali. Chanjo ya surua na rubela inatolewa akiwa na miezi tisa, na tena akiwa na mwaka mmoja na nusu, na hiyo ya pili ndiyo inayokuta miguu imeshajua kukimbia. Kuna mama anayemwambia mtoto, "Hakuna sindano, tunakwenda kununua pipi." Safari ijayo mtoto akiliona lile lango tu, anashika nguzo.

Sisi tunamwambia ukweli. "Utachomwa. Itauma kidogo. Mama atakushika. Halafu tutaondoka." Atalia, ndiyo, lakini kesho akiambiwa neno ataliamini. Tena tusiache kwenda kwa sababu ya kuogopa kelele. Chanjo ile ya pili ni muhimu kama ya kwanza, na matone ya vitamini A yanatolewa kila baada ya miezi sita mpaka mtoto afikishe miaka mitano. Kadi ikae kwenye pochi, isikae chini ya godoro.

SABASABA

Viwanja vya Sabasaba viko jirani zetu, na kila Julai watoto wanatudai. Umati ule ni mkubwa, na Mwenyewe akimwona ngamia au puto, anachomoka. Tunaandika namba ya simu ya mama kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto kabla ya kutoka nyumbani. Aidha, tunamfundisha jina la mama yake. Mnacheka, lakini jaribuni leo: mwulizeni mtoto wa miaka miwili na nusu, "Mama yako anaitwa nani?" Atajibu, "Mama." Na kipaza sauti hakiwezi kumtafuta mama anayeitwa Mama.

MKUTANONI

Sasa tufike hapa kwetu. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu. Wengi mnaikumbuka siku ile mjukuu wa mtunza ufunguo mmoja alipoufungua ufunguo kwenye pindo la kanga ya bibi yake na kukimbilia nyuma ya mwembe. Ilikuwa siku ya kutoa mikopo. Wanachama wamekaa, wahesabu fedha wametandika kitambaa, na kijana amesimama hatua tatu kutoka choo cha shimo, ufunguo mkononi, anasema, "Wangu!"

Wengine walitaka kumkimbiza. Bibi akawazuia kwa mkono. Akachuchumaa palepale alipokuwa, akaita bila kupandisha sauti, "Mume wangu, hili kufuli limenishinda. Linataka fundi. Fundi yuko wapi?" Kijana akafikiri. Akaja polepole, akauingiza ufunguo, bibi akaweka mkono wake juu ya ule mdogo, wakazungusha pamoja. Kufuli likafunguka, akapigiwa makofi. Tangu siku ile fundi alikuwa yeye mpaka alipoanza shule ya awali, na ufunguo ulirudi pindoni kila mara bila kugombana. Angekimbizwa, tungekuwa tunautafuta mpaka leo.

Lakini si kila habari ni ya kucheka. Alikuwapo mwenzetu, mama kijana, ambaye hakuonekana mikutano mitatu mfululizo. Faini zilianza kumlemea. Wawili wetu tukaenda kumwona. Alituambia kwamba fedha alikuwa nayo, kaiweka kwenye kopo. Kilichomkwamisha ni aibu. Mtoto wake analia kwa sauti kubwa, anajigaragaza, na mtu mmoja alisikika akinong'ona kwamba mama huyu hajui kulea. Alikuwa ameamua aombe hisa zake, ajitoe.

Hebu fikirini, ndugu zetu. Mwanamke anataka kuacha akiba yake, mkopo wake na wenzake, kwa sababu mtoto wa miaka miwili ana tabia ya watoto wa miaka miwili!

Kikundi kilikaa, tukaamua mambo matatu. Kwanza, mkeka utandikwe chini ya mwembe, na kila mkutano mwanachama mmoja awe na zamu ya kukaa na watoto. Pili, mwenye mtoto mdogo apokelewe hisa yake mwanzo, aweze kuondoka mambo yakizidi. Tatu, hakuna ruhusa ya kunong'ona. Mwenzetu akarudi. Baadaye alikopa, akanunua cherehani. Sare nyingi mnazoziona zimevaliwa hapa leo zimetoka mikononi mwake, na yule mtoto sasa yuko darasa la kwanza, ndiye mtulivu kuliko wote.

KWA WANAOTAZAMA

Tungependa pia kusema na wale wanaotazama tu. Ukimwona mama amesimama njiani na mtoto amelala chini analia, usimwambie, "Mchape huyo." Fimbo haimpi mtoto maneno aliyoyakosa, inamwongezea hofu. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Mshikie mama huyo kikapu. Zuia bodaboda apite na mtoto wake. Au pita zako kwa tabasamu. Hata hiyo ni msaada. Mkono mmoja haulei mwana.

Nanyi akina baba, hatuwasahau. Baba anayempeleka Mwenyewe kunyoa nywele Jumamosi asubuhi amemchangia mama hisa ya wiki hiyo. Tena atarudi akijua kwa nini sisi huchelewa.

Tukumbuke vilevile kwamba huyu anayesema "sitaki" leo, kesho tutataka aseme hivyohivyo. Tutataka binti yetu aseme "sitaki" kwa anayemdanganya. Tutataka kijana wetu aseme "nitafanya mwenyewe" penye kazi ngumu. Nguvu ile tusiivunje. Tuielekeze.

OMBI LETU

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mambo mawili. Utaratibu wa mkeka na zamu uandikwe kwenye katiba yetu, usiwe wa kukumbushana tu, ili mama kijana atakayejiunga mwaka ujao aukute. Na mfuko wa jamii utenge kiasi kidogo cha kununulia mkeka mpya na ndoo ya maji ya kunywa ya watoto, maana mkeka uliopo umeshatoboka.

Kwa hayo machache, tunawatakia wanachama wote miaka kumi mingine ya heri na akiba.