Chombo cha Haja cha Sungura na Amani ya Ua Wetu

Mazungumzo ya Afisa Mifugo wa Kata kwa wakazi, Wilaya ya Temeke



 Mada yangu ni chombo cha haja cha sungura, ambacho wengi wetu tunakiita trei.

Huenda mtu akajiuliza kwa nini mkutano wa mtaa upoteze muda kwa jambo dogo kama hilo. Jibu liko katika makazi yetu. Kuanzia Mbagala hadi Chamazi, viwanja ni vyembamba. Wapangaji kadhaa hushiriki ua mmoja, na dirisha la jirani hulitazama banda la mwenzake. Sungura hapigi kelele, hali kidogo kidogo tu bali kwa utulivu, na watoto humpenda. Ndiyo maana amekuwa mfugo wa nyumba nyingi. Lakini mkojo wake ukilala bandani hutoa hewa ya amonia. Hewa hiyo huumiza pua na mapafu ya sungura mwenyewe kabla haijamfikia jirani.

Si zamani niliitwa kuwasuluhisha wakazi wawili wa ua mmoja. Mmoja alikuwa na sungura watatu wa watoto wake. Mwenzake alikuwa na mtoto mchanga, na dirisha lake lilikuwa hatua nne kutoka bandani. Maneno yalikuwa yamekwisha kuwa makali, na ilitakiwa sungura wauzwe siku ileile. Nilipotazama bandani nikaona sinia la bati, jembamba na la mviringo, limewekwa katikati. Mkojo ulimwagika pembeni, ukapita chini ya mbao, ukatuama ukutani kwa jirani. Kosa halikuwa la sungura, wala mwenye mfugo hakuwa mchafu. Chombo ndicho hakikufaa.

Ndugu wakazi, sungura kwa maumbile huchagua kona moja ya kukojolea. Basi kazi yetu ni kukubaliana na uchaguzi wake. Mtazame siku mbili au tatu, kisha weka chombo katika kona hiyohiyo. Chombo chenye pembe nne hukaa vizuri konani kuliko cha mviringo, ambacho huacha nafasi mkojo upite.

Pili, ukubwa. Sungura aweze kuingia mzima, kukaa na kugeuka. Urefu wa chombo uzidi urefu wa mwili wake, ikiwezekana mara moja na nusu. Tatu, kimo. Sungura huinua mkia anapokojoa, kwa hiyo upande wa nyuma uwe mrefu, kiasi cha sentimita 20 au zaidi. Upande wa mbele uwe mfupi, ili watoto wa sungura na wazee wasishindwe kuingia.

Kuhusu malighafi, bati hupata kutu kwa mkojo, na kingo zake hukata. Plastiki nyembamba hutafunwa. Plastiki ngumu ndiyo bora, nayo haihitaji fedha nyingi. Dumu la lita 20 likilazwa ubavuni na kukatwa upande wa juu hutoa chombo kizuri kwa sungura mdogo au wa wastani. Lainisha kingo zake kwa msasa. Angalizo: usitumie dumu lililowahi kuwekwa mafuta ya gari, dawa ya kilimo au kemikali yoyote. Kwa sungura wakubwa, kama New Zealand weupe, tafuta beseni pana la pembe nne. Na usiweke wavu wa waya ndani ya chombo; nyayo za sungura hazina ngozi nene kama za mbwa, na waya huzitia vidonda.

Ndani ya chombo tandika karatasi za magazeti, juu yake nyasi kavu kwa wingi. Vumbi la mbao lisitumike, kwa kuwa huingia puani, na maranda ya msonobari yenye harufu kali yaepukwe. Mchanga wa paka unaoganda ukilowa ni hatari zaidi: sungura akiumeza unaweza kumziba utumbo. Weka pia fungu la nyasi safi karibu na chombo, kwa sababu sungura hupenda kula akiwa katika haja. Akikosea mwanzoni, usimpige. Chukua kinyesi chake kidogo ukiweke chomboni, naye ataelewa.

Ondoa kilicholowa kila siku, na uoshe chombo angalau mara mbili kwa wiki. Ukoko mweupe unaobaki ni chokaa ya mkojo, siki huulainisha. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, maana vikichanganyika hutoa hewa yenye sumu.

Uchafu huo nao una thamani. Kinyesi cha sungura hakiunguzi mimea kama kinyesi kibichi cha kuku, na nyasi zilizolowa zikirundikwa huwa mboji nzuri ya mchicha na matembele. Kilichokatazwa ni kuutupa mtaroni. Masika yakifika, mtaro uliozibwa hurudisha maji majumbani mwetu, na tope hilo huelekea Mto Kizinga na mwisho wake baharini.

Chombo pia ni daftari la afya. Ukikuta kinyesi kimepungua ghafla, au hakipo kabisa kwa nusu siku, na mnyama hali, usisubiri kesho. Mkojo wa rangi ya machungwa mara nyingi hutokana na chakula, lakini ukiona damu, au sungura anajikamua bila kutoa kitu, njoo ofisini mara moja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji amtunze mnyama wake, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inakataza kuwaletea wengine kero. Sheria hizo mbili hukutana katika chombo hiki kimoja.

Nirudi kwa wale majirani. Tulikata dumu mbili, tukaziweka katika kona walizochagua sungura wenyewe, tukasogeza banda mbali na dirisha, kwenye kivuli. Nilipopita baada ya wiki mbili, harufu haikuwapo tena. Sungura hawakuuzwa, na mama wa yule mtoto mchanga alikuwa akiomba mboji kwa ajili ya mchicha wake.

Ndugu wakazi, mwenye sungura na alitazame banda lake jioni hii, na jirani anayekereka aseme mapema, kwa upole. Ofisi yetu ya kata ipo wazi kwa wote wawili.