Ndege Aliyeumia ni Amana: Tumfanyie Nini?

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana wa Kianda, Kibera, baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka siku ya malipo. Ama baad.



Pengine mlitarajia leo tuzungumzie tarawehe au Laylatul Qadr. Hayo yana siku zake inshaallah. Leo nataka tumzungumzie ndege. Ndio, ndege! Tena si kuku wa Idd. Nasema shomoro wa kwenye mabati, hua, njiwa, pasa mwenye mkia mrefu, na chozi yule mdogo anayefyonza maua. Siku moja utamkuta mmoja wao yuko chini, bawa limelegea, anahema. Utafanya nini? Hilo ndilo swali letu.

Wazee wetu Wanubi walipaita mahali hapa Kibra, yaani msituni. Miti mingi imekwenda, nyumba zimejaa, lakini ndege hawakuhama wote. Msitu wa Ngong Road hauko mbali nasi. Kwa hiyo wao ni majirani zetu, na jirani ana haki.

Dini imesema nini?

Katika Suratul An'aam aya ya 38, Allah anatufundisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma kama sisi. Na katika Suratul Mulk aya ya 19 anatutaka tuwatazame ndege juu yetu, wakikunjua mbawa na kuzikunja, kwani hakuna anayewashikilia ila Yeye Ar-Rahman. Angalia jina lililotajwa pale: Mwingi wa Rehema.

Abdallah bin Mas'ud (R.A.) amesimulia, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.). Mtume alipokwenda kando kwa haja yake, wao wakamwona ndege mdogo na makinda wawili, wakawachukua wale makinda. Mama akaja akawa anapigapiga mbawa. Mtume aliporudi akauliza ni nani aliyemtia huzuni ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Jamani, hawa walikuwa maswahaba, wako safarini, na bado jambo la ndege halikuonekana dogo.

Mnakijua pia kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe. Na mnamjua yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Hadithi zote mbili ziko kwa Bukhari na Muslim. Mmoja kaokoka kwa maji ya kiatu, mwingine kaangamia kwa mlango aliofunga.

Feya na bundi

Sasa tuambiane ukweli. Ndege wengine hapa mtaani hawaumizwi na paka wala gari. Wanaumizwa na sisi. Manati, au feya kama mnavyoiita, watoto wanatembea nazo wakingojea Magharibi ifike, na anayelengwa ni kiumbe asiyewakosea chochote.

Imam Muslim amepokea kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakawa wanamlenga kwa mishale. Walipomwona wakatawanyika. Akawaambia kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ndugu yangu, umefunga chakula na maji tangu alfajiri, halafu saa kumi na moja jioni unajitia katika laana kwa jiwe moja! Kaka wakubwa, nyinyi ndio mnaoigwa. Mkimwona mdogo wenu na feya, msimpige. Kaeni naye, mumweleze.

La pili ni bundi. Akitua juu ya paa, watu wanasema kuna mtu atakufa, anatupiwa mawe mpaka aanguke. Mtume (S.A.W.) alikwisha kuukanusha mkosi wa bundi waliouamini Waarabu wa jahiliya, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari. Ajali iko mikononi mwa Allah peke yake. Na isitoshe, bundi anakula panya, hawahawa wanaotutobolea magunia ya unga. Tukitega panya kwa sumu, yule panya aliyelewa sumu ndiye anayekamatwa kwa urahisi, na bundi au mwewe anayemla naye anadhurika. Baadaye tunamkuta chini anatetemeka, tunasema ni jini. Si jini, ni sumu yetu.

Huruma bila elimu inaweza kuua

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wengi wenu mna huruma, alhamdulillah. Lakini ndege wengi hufia mikononi mwa watu wenye huruma wasiojua la kufanya. Kwa hiyo shikeni haya.

Kwanza, tazama kabla ya kugusa. Kama ni kinda mwenye manyoya, mkia mfupi, anarukaruka chini, huyo mara nyingi si mgonjwa. Anajifunza kuruka, na wazazi wake wako karibu wanamlisha. Mwache. Kama paka wako karibu, msogeze hatua chache kwenye kichaka au juu ya ua. Kama ni kinda uchi, hana manyoya, mrudishe kwenye kiota chake ukikiona. Yale maneno kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu si kweli.

Pili, kama ameumia kweli, yaani bawa linaning'inia, anavuja damu, au hakimbii ukimkaribia, mfunike taratibu kwa leso au taulo, umshike bila kumbana kifua. Ndege hupumua kwa kupanua kifua, ukimbana sana anakosa pumzi.

Tatu, tafuta katoni. Itoboe matundu madogo, tandika kitambaa chini, muweke ndani, funga. Giza humtuliza. Iweke mahali pa joto kiasi na kimya, mbali na moshi wa jiko, redio na watoto. Kukiwa na baridi, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa inatosha, iwe upande mmoja wa katoni ili akitaka asogee. Halafu acha kumchungulia kila dakika. Kwa ndege wa porini, uso wako ni uso wa adui, na hofu peke yake yaweza kumuua.

Nne, usimmiminie maji mdomoni. Tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yakiingia huko yanakwenda mapafuni. Usimpe maziwa, wala mkate, wala uji. Mpaka umpate mtu anayejua, utulivu ni bora kuliko chakula.

Tano, kama amejigonga kwenye kioo cha dirisha na hana jeraha, mpe saa moja au mbili ndani ya katoni. Kisha itoe nje mahali pa wazi, uifungue. Akiruka, umshukuru Mola wako. Akishindwa, anahitaji daktari.

Sita, kama paka amemng'ata, hata kidonda kiwe kidogo kama ncha ya sindano, usiseme atapona mwenyewe. Mate ya paka yana vijidudu vinavyoua ndege kwa siku chache. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Saba, kama miguu imesokotwa na uzi wa kishada au nywele za bandia zilizotupwa, usivute. Kata polepole kwa makasi madogo, na kama uzi umezama kwenye nyama, mwachie daktari.

Na kijumbamshale, yule mweusi anayezunguka angani makundi kwa makundi, ana miguu mifupi mno, akianguka chini hupata taabu kuinuka. Kama hana jeraha, muweke juu ya kiganja kilichokunjuliwa, mahali pa wazi, uinue mkono. Usimrushe. Akiwa tayari ataondoka mwenyewe.

Mwewe na bundi ni habari nyingine. Silaha yao ni kucha. Usijaribu kumkamata peke yako. Zuia watoto na mbwa, kisha toa habari kwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Makao yao makuu yako hapo Lang'ata Road, si mbali na sisi. Chama cha KSPCA kilichoko Karen, au daktari yeyote wa mifugo, naye aweza kukuelekeza. Na huko Naivasha kuna kituo kinachouguza ndege wawindaji, hao hao mwewe, tai na bundi tunaowatupia mawe.

Jilinde na wewe pia

Baada ya kumshika, nawa mikono kwa sabuni. Kinyesi chake kikikuingia kwenye nguo, osha kabla ya swala, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi.

Ukikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiguse hata mmoja! Januari 2017 wenzetu wa Uganda waliwakuta ndege wa majini wamekufa kandokando ya Ziwa Victoria, na vipimo vikaonyesha ni homa ya mafua ya ndege. Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa kutoka Uganda. Jambo kama hilo ni la kumwarifu afisa wa mifugo, si la kuokota.

Wala ndege uliyemkuta anatetemeka usimkimbilie kwa kisu ukisema ni riziki. Kule Bunyala, magharibi mwa nchi yetu, kulikuwa na watu wakiwatega ndege kwa dawa ya wadudu iitwayo Furadan, kisha wanawauza kitoweo. Mwaka 2009, baada ya kelele kwamba simba pia wanauawa kwa dawa hiyo, kampuni iliyoitengeneza iliamua kuiondoa katika maduka ya Kenya. Mwenye kumla ndege wa namna hiyo anakula sumu.

Maswali mliyouliza

Kuna aliyeuliza: je, naweza kumfuga akipona? Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik (R.A.), alikuwa mtoto mwenye kindege, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za kindege chake. Wanazuoni wamechukua hapo ruhusa ya kufuga ndege, kwa sharti la kumtunza. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumfuga ndege wa porini bila kibali. Na wewe ulimpokea mgonjwa ili apone, hukupewa awe wako. Akipona, mrudishe pale pale ulipomtoa.

Mwingine aliuliza: akifa je? Ulichotakiwa ni juhudi, na uhai ni wa Mwenyewe. Mfukie, unawe, na ujira wako uko kwa Allah inshaallah, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuna ujira katika kila kiumbe chenye uhai. Na kama anateseka hana matumaini, usimmalize kwa jiwe. Mpeleke kwa daktari, ambaye ana njia isiyo na mateso.

Ndugu zangu, mwezi huu sote tunaomba rehema. Tunainua mikono kila usiku tukiililia. Basi tusiifunge kwa viumbe walio chini ya mikono yetu. Kuanzia leo, kila nyumba iweke katoni moja na kitambaa kikuukuu, na kila mwenye feya ailete hapa msikitini kabla ya futari. Aliye wa kwanza kuleta, tende zake za leo ni juu yangu.

Allah atukubalie saumu zetu, atusamehe, na atujaalie nyoyo laini kwa watu na kwa viumbe vyake vyote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.