Ni Nani Aliyefungua Mlango?

Mazungumzo ya asubuhi katika redio

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze habari ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi, hata nyumba za wachungaji, nacho ni kompyuta. Nitawaeleza jinsi kompyuta ya nyumbani mwangu ilivyoingiwa na virusi, na jinsi tulivyoisafisha. Tena nitawaambia jambo ambalo laniaibisha, lakini naona lafaa kusemwa.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Mtu asikiapo virusi hufikiri habari ya homa. Virusi vya kompyuta si wadudu wala si vumbi. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu, kama vile barua inavyoandikwa. Maagizo hayo hujinakili yenyewe, yakatoka chombo hiki yakaingia kile, na kufanya kazi ambayo mwenye nyumba hakuiagiza. Mengine huficha kazi zako, mengine huiba maneno yako ya siri, na mengine hufunga kila kitu kwa kufuli na kukudai fedha.

Mwaka wa 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore katika Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika virusi vilivyoitwa Brain. Hivyo vyahesabiwa kuwa vya kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM. Wenyewe walisema ya kuwa walitaka kuilinda programu yao ya mambo ya matibabu, isinakiliwe na watu wasioilipia. Hata majina yao na nambari ya simu waliyaandika ndani yake. Virusi vile vilisafiri katika diski, kutoka mkono hata mkono, mpaka vikafika nchi za mbali. Likumbukeni neno hilo la kunakili bila kulipa, maana nitalirudia.

Sasa turudi nyumbani kwangu. Kompyuta yetu hukaa sebuleni, juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Mimi huandikia mahubiri, mama watoto hutunza hesabu za umoja wa akina mama, na watoto hufanyia kazi za shule. Jioni moja nilichomeka flashi yangu, kile kijiti kidogo cha kubebea kazi, nikaona kwamba folda zangu zimegeuka. Majina yalikuwa yale yale: Mahubiri, Ubatizo, Mazishi. Lakini kila moja lilikuwa na mshale mdogo pembeni. Kompyuta nayo ikawa nzito kama punda aliyechoka. Kesho yake rafiki yangu mmoja akanipigia simu, akaniuliza kwa nini nimemwandikia barua pepe ya kumwomba fedha. Mimi sikuwa nimemwandikia.

Wasikilizaji, nilikasirika. Nikamwita mwanangu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni, nikamwambia mbele ya mama yake na ndugu zake, "Hii ni michezo yako. Umetuletea uchafu nyumbani." Kijana akasema, "Baba, si mimi." Sikumsikiliza. Nikamkataza kuigusa kompyuta likizo yote. Mama yake akanitazama, asiseme neno.

Kisha nikaanza kusafisha mwenyewe. Nikaifuta ile mishale yote. Nikamwamuru yule mlinzi aliyomo ndani ya kompyuta, yaani programu ya kukamata virusi, aikague nyumba. Akasema hakuna kitu. Nikafurahi. Baada ya siku mbili mishale ikarudi. Nikafuta tena, ikarudi tena. Ndipo nikakumbuka ule mfano wa Bwana wetu, habari ya pepo aliyetoka katika nyumba, akarudi akaikuta imefagiwa na kupangwa vizuri lakini haina mtu, naye akaenda kuwaita wenzake saba walio waovu kuliko yeye. Mimi nilikuwa nimefagia tu.

Basi nikamwomba kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta, aje Jumamosi. Nataka mjue aliyoyafanya, na kwa utaratibu gani, maana yaweza kuwafaa.

Kwanza, aliikata kompyuta na intaneti. Akasema, "Mchungaji, kama mwizi yumo ndani, kwanza umkatie njia ya kupitishia mali."

Pili, akauliza kama kuna simu iliyo salama. Mama watoto akatoa ya kwake. Kwa simu hiyo nikabadilisha maneno yangu ya siri, nikianza na lile la barua pepe, maana mwenye kuishika barua pepe yako aweza kuyageuza mengine yote. Kisha la benki. Akatuwekea na ulinzi wa pili, ili mtu akijua neno langu la siri, bado aulizwe nambari inayoletwa katika simu yangu. Akanionya ya kuwa kubadilisha maneno hayo katika kompyuta iliyo mgonjwa ni kumpa mwizi ufunguo mpya.

Tatu, akazitafuta kazi zetu. Nilidhani zimepotea, kumbe zilikuwa zimefichwa tu. Virusi vya namna ile huificha folda ya kweli na kuweka mshale wenye jina lile lile, ili wewe ukiubofya uviamshe mwenyewe. Akaandika agizo fupi, na orodha yangu ya ubatizo ikatokea. Akanakili maandishi na picha peke yake katika diski ya nje. Programu hakunakili hata moja, kwa sababu virusi hupenda kujificha humo.

Nne, akamwendea mlinzi. Kompyuta za Windows 10 na Windows 11 huja na mlinzi wao, aitwaye Microsoft Defender. Kijana akafungua maagizo aliyopewa mlinzi huyo, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Ni nani aliyemwambia mlinzi asiitazame folda hii?" Tukaitazama tarehe ya folda ile. Ilikuwa imewekwa siku ya Jumanne, saa tano za usiku, majuma matatu kabla ya shule kufungwa. Siku hiyo mwanangu alikuwa bwenini.

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nikitaka programu ya kutengenezea picha, ili nichapishe vyeti vizuri vya watoto wa kipaimara. Programu ile huuzwa, nami niliona bei ni kubwa. Nikatafuta katika mtandao, nikapata mahali inapotolewa bure, ikiwa imevunjwa kufuli yake. Maelezo yakasema, "Kabla ya kuiweka, mwambie mlinzi asiitazame folda hii." Nami nikafanya hivyo. Mchungaji, saa tano za usiku, alimfumba mlinzi macho ili aingize kitu kilichoibwa, tena kwa ajili ya vyeti vya kanisa! Ndiyo sababu mlinzi alikuwa akisema hakuna kitu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kijana yule alitazama chini. Akasema kwa upole, "Jambo hili huwapata wengi, Mchungaji." Lakini mimi nilikuwa nikimfikiria mwanangu, aliyekuwa jikoni akimenya viazi.

Tukaendelea. Kijana akaliondoa lile agizo baya, kisha akafanya ukaguzi ambao kompyuta huzimwa na kuwashwa upya, na mlinzi huanza kazi kabla Windows yenyewe haijaamka. Faida yake ni kwamba virusi vilivyo macho vyaweza kujificha, vilivyolala haviwezi. Ukaguzi huo huchukua kama dakika 15. Virusi vikaonekana, navyo vilikuwa viwili, si kimoja.

Hata hivyo kijana hakuridhika. Akasema kama mgeni mbaya amekaa nyumbani majuma mengi, huwezi kujua ni milango mingapi ameiacha wazi. Ni heri kufuta kila kitu na kuweka Windows upya kutoka kwa wenyewe walioitengeneza. Tukafanya hivyo, ikachukua mchana wote. Kisha tukaitia marekebisho yote mapya kabla ya kuitumia. Wengi wetu huyaahirisha marekebisho hayo kwa sababu yanachukua muda. Lakini mnamo tarehe 12 Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikafunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza, na kudai fedha. Microsoft walikuwa wametoa dawa ya ufa ule mwezi wa Machi mwaka ule ule. Dawa ilikuwako, wengi walikuwa hawajainywa. Tena mjue ya kuwa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Basi mwenye kompyuta ya zamani aulize amebakiwa na ulinzi gani.

Na ile programu ya picha? Kijana akaniwekea nyingine iitwayo GIMP, na ya kuandikia iitwayo LibreOffice. Zote mbili hutolewa bure na wenyewe, kwa halali. Nilikuwa nimeiba kitu ambacho kingine cha kunitosha kilikuwa kikitolewa bure.

Nikadhani tumemaliza. Lakini kijana akaishika flashi yangu, akauliza, "Mchungaji, hii umeichomeka wapi na wapi?"

Nikahesabu. Ofisini kwa karani wa parishi. Dukani sokoni, mahali ninapochapishia. Nyumbani kwa mzee wa kanisa. Kwa mweka hazina wa akina mama. Kijana akasema, "Basi ndiyo maana ilikuwa ikikurudia. Wewe ulikuwa ukifagia hapa, kisha ukienda kule ukirudi nayo. Kama hutawaambia, kazi yetu ya leo ni bure."

Wapenzi wasikilizaji, kazi yote ya kompyuta ilikuwa rahisi kuliko neno hilo. Ningeweza kusema tu, "Jihadharini, kuna virusi vimeingia parishi." Mtu angedhani mimi ndiye niliyevigundua, na wangenishukuru. Lakini mficha maradhi, kilio humwumbua.

Jumatatu nikaenda kwa karani. Nikamweleza virusi vilitoka wapi, na nani alivileta. Akakaa kimya, kisha akaniambia ya kuwa kompyuta ya ofisi ilikuwa imeharibika majuma mawili yaliyopita, naye akadhani kosa ni lake. Aliogopa kuiambia halmashauri. Akampa fundi shilingi 1,500 kutoka katika mshahara wake, na wote mnajua mshahara wa karani wa parishi ni kiasi gani. Nilimrudishia fedha zake siku ile ile, na mbele ya halmashauri nikasema kosa lilikuwa langu. Yule kijana akazisafisha kompyuta zote nne katika juma moja, pamoja na kila flashi. Nikawaandikia pia wote ambao barua pepe yangu ya uongo iliwafikia, nikawaonya wasitume fedha.

Lakini kabla ya Jumatatu ilikuwako Jumamosi jioni. Baada ya chakula nilimwomba mwanangu msamaha, mbele ya mama yake na ndugu zake, kwa sababu ni mbele yao nilipomkaripia. Nikamwambia tarehe, nikamwambia saa. Akasema, "Sawa, Baba." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa naweza kuitumia?" Tukacheka wote, nami nikainuka katika kiti nikampisha.

Ndugu msikilizaji, ikiwa kompyuta yako imeingiwa, usianze na hasira. Ikate na intaneti. Badilisha maneno ya siri kwa chombo kilicho safi. Okoa maandishi na picha, uache programu. Mfungue mlinzi macho, akague yote. Ikilazimu, futa uanze upya, na usiichomeke flashi yo yote bila kuikagua. Baadaye weka nakala ya kazi zako katika diski iliyo mbali na kompyuta, isiyochomekwa daima. Kisha wahesabu watu uliowapa flashi yako, uwaendee mmoja mmoja. Na kama kuna mtu nyumbani mwako uliyemlaumu kabla ya kuitazama tarehe, anza na yeye, leo, kabla ya jua kuchwa.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wajua kila mlango tulioufungua usiku. Utupe moyo wa kukubali, na miguu ya kuwaendea wale tuliowadhuru. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.