Kabla ya Kulaumu Mbegu, Pimeni Maji

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia



Kikundi kikinunua mbegu kwa pesa za mchango, nazo zikose kuota, maneno huanza. Huyu asema mbegu ni mbovu, yule asema mwenye zamu hakunyunyiza. Vikundi vingine huvunjika hapo. Lakini sehemu nyingi za Kitui, Makueni na Pwani, maji ya kisima yana chumvi. Basi tuyaulize maji kwanza.

Mbegu ni lazima inywe maji ndipo ivimbe na kutoa mzizi. Chumvi huyashika maji hayo. Udongo waonekana umelowa, kumbe mbegu ina kiu. Hata ikiota, mche hudumaa na ncha za majani huungua.

Tupige hesabu. Tuseme kila lita ina gramu 2 za chumvi. Debe la lita 20 lina gramu 40. Madebe 10 yaleta gramu 400, karibu nusu kilo! Jua huchukua maji, chumvi hubaki juu, pale pale penye mizizi ya mche mchanga. Mkiona ukoko mweupe kitaluni, ndiyo hiyo.

Jaribuni hivi. Chukueni mikebe 2, mtoboe chini, mtie udongo mmoja. Pandeni mbegu 20 kila mkebe. Mmoja nyunyizeni maji ya mvua, wa pili maji ya kisima. Baada ya siku 14 hesabuni mkiwa wote. Mikebe yote ikikataa, shaka iko kwa mbegu. Ukikataa wa kisima peke yake, basi ni maji.

Sasa tufanyeje? Maji ya mvua yawekeni kwa ajili ya kitalu. Paa la mabati la mita 5 kwa 6, mvua ya milimita 10 yaweza kuleta karibu lita 300. Kama hakuna budi kutumia kisima, nyunyizeni jioni, chini ya majani, tena maji ya kutosha kuishusha chumvi. Kidogo kidogo kila siku huilimbikiza juu. Udongo usituamishe maji. Funikeni kwa nyasi kavu.

Maharagwe, karoti na vitunguu havivumilii chumvi. Kunde na mtama huvumilia zaidi.

Mikebe 2 haigharimu kitu. Ianzeni wiki hii, kabla hamjatoa pesa za mbegu nyingine.