Kumjua Anayekutibu: Mwanafunzi, Mtarajali na Daktari Kamili

Mazungumzo na wakazi wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu

  

Nimepewa kazi ya kuzungumza juu ya sheria zinazomhusu mwanafunzi wa udaktari na daktari aliyehitimu juzi. Nadhani wapo miongoni mwenu wanaojiuliza jambo hilo linamhusu nini mkulima wa pamba wa Dutwa au mama anayeuza dagaa Lamadi. Linamhusu sana. Mtu anayekuinamia kitandani saa nane za usiku, akakuuliza maumivu yalianza lini, mara nyingi si bingwa. Ni kijana wa rika langu. Baadhi ya niliosoma nao kidato cha sita leo wanavaa koti jeupe, na wanaponisimulia zamu zao huwa sijui niwaonee fahari au niwahurumie.

Nianze na lililotupata nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alilazwa katika hospitali moja, mbali na hapa. Asubuhi yake ya pili vijana wanane waliingia wakakizunguka kitanda chake. Hawakusema wao ni nani. Mmoja akafunua shuka, mwingine akauliza maswali, wengine wakaandika. Shangazi alikuwa akitokwa damu kwa wiki tatu, damu ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kuiona. Alipoulizwa mbele ya vijana wale wanane, baadhi yao sawa na wajukuu zake, alisema hana tatizo jingine ila mgongo. Akatibiwa mgongo, akarudi nyumbani. Ukweli ulijulikana miezi minne baadaye, alipokutana na muuguzi mmoja mtu mzima aliyefunga mlango kwanza ndipo akauliza.

Siwalaumu vijana wale peke yao. Walikuwa wanafunzi, na udaktari haufundishiki bila wagonjwa. Lakini shangazi hakuambiwa kwamba ni wanafunzi, wala hakujua kwamba angeweza kusema, "Wanangu, naomba abaki mmoja." Neno hilo lingemwokolea miezi minne.

Sasa tuwatofautishe watu hawa, maana sote tumezoea kuwaita kwa jina moja tu, daktari.

Mwanafunzi wa udaktari husoma miaka mitano chuoni. Yeye bado si daktari mbele ya sheria. Anaweza kukuhoji na kukupima akiwa chini ya uangalizi, lakini uamuzi wa matibabu si wake. Utakutana naye zaidi katika hospitali za kufundishia, kama Bugando kule Mwanza, ambako wagonjwa wengi wa mkoa huu hupelekwa kwa rufaa. Una haki ya kuambiwa kwamba yeye ni mwanafunzi. Una haki pia ya kukataa asikupime, na kukataa huko hakukuondolei haki ya kutibiwa. Mimi binafsi nisingependa mkatae ovyo, kwa kuwa mwanafunzi mnayemfukuza leo ndiye atakayempasua mjukuu wenu kesho. Kubali ukijua unakubali nini.

Akihitimu, huingia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, na hapo huitwa daktari mtarajali. Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo bado limelihifadhi jina la zamani la nchi yetu, humpa usajili wa muda. Usajili huo una kamba fupi. Humruhusu kufanya kazi katika hospitali iliyokubaliwa kwa mafunzo hayo, chini ya daktari aliyemtangulia. Akimaliza na kuridhiwa, ndipo hupata usajili kamili na leseni ya kufanya kazi. Mambo haya yamo katika Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017.

Kwenye zahanati zetu nyingi, Itilima na Meatu kwa mfano, unayemwita daktari ni tabibu. Yeye ana mafunzo yake na mipaka yake, na anafanya kazi kubwa. Simzungumzii leo, ila mjue kwamba swali nitakalowafundisha linamfaa naye.

Kamba ile fupi ya mtarajali ina maana kwenu. Mtarajali akikukaribisha jioni kwenye chumba cha nyuma cha duka la dawa, akakutundikia dripu kwa bei ya makubaliano, ametoka nje ya usajili wake, hata kama mchana anakutibu vizuri wodini. Na duka la dawa muhimu lenyewe haliruhusiwi kuchoma sindano. Mambo yakiharibika pale, hakuna msimamizi wa kuitwa wala jalada lenye jina lako, na kijana mwenyewe ana kila sababu ya kunyamaza. Nakiri kwamba wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ya njaa na si kwa uovu. Hatari kwako ni ileile.

Tena mtarajali ana mengi ya kupoteza. Mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipotengwa na Shinyanga ikawa mkoa, watarajali wa Muhimbili waligoma mwezi Januari wakidai posho zilizochelewa. Mgomo ukaenea kwa madaktari wengine, ukarudi tena katikati ya mwaka, na mwishowe Baraza likausimamisha usajili wa muda wa watarajali wengi walioshiriki. Sitaki kuamua leo nani alikuwa na haki. Wagonjwa waliorudishwa milangoni wana maoni yao, na vijana waliokaa bila posho wana yao. Nataka mwone tu jinsi kalamu moja inavyoweza kusimamisha miaka sita ya masomo. Kijana anayejua hivyo anaweza kuogopa kusema "sijui", au kuogopa kumwamsha mkubwa wake usiku. Hofu hiyo humfikia mgonjwa kabla ya kumfikia mwanasheria yeyote.

Ndiyo maana nawaomba mjifunze kuuliza. Najua malezi yetu. Kumhoji mtu anayekusaidia huonekana utovu wa adabu, na mzee wa Kisukuma huona afadhali aseme "wabeja" na kunyamaza. Lakini swali lina adabu yake: "Daktari, naomba nikufahamu jina. Wewe ni mtarajali au umeshasajiliwa kamili? Nani msimamizi wako leo?" Mtarajali mwema hujibu bila kinyongo. Tena swali la mwisho humpa njia. Sasa ana sababu ya kumpigia simu msimamizi bila kuonekana dhaifu, kwa kuwa mgonjwa ndiye aliyeomba.

Kuhusu ridhaa. Kabla ya upasuaji utaletewa fomu utie sahihi au dole gumba. Usitie kabla hujaelezwa kwa lugha unayoielewa utafanyiwa nini, kuna hatari gani, na kama ipo njia nyingine. Kama Kiswahili cha hospitali kinakupita, omba aelezwe ndugu yako, au atafutwe mtu wa kukufafanulia kwa Kisukuma. Dharura ni jambo la pembeni. Mama anayevuja damu hasubirishwi kwa ajili ya karatasi. Na sahihi yako haimaanishi umesamehe uzembe. Nimewaona watu walioacha kulalamika kwa miaka kwa sababu tu "nilitia dole."

Simu nazo zimeleta yake. Mwanafunzi akipiga picha ya kidonda chako na kuituma kwenye kundi la wenzake bila idhini yako, amekosea, hata kama nia yake ni kujifunza. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Je, ukiamini umeumizwa kwa uzembe? Anza na mganga mfawidhi wa kituo. Mambo mengi huishia hapo, kwa maelezo ya kweli na kuombana radhi. Yasipoishia hapo, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kisha andika barua kwa Baraza la Madaktari. Baraza linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha, au kumfuta katika rejesta. Kazi yake ni kuilinda taaluma na umma. Ukitaka fidia, njia ni mahakama. Na mahakama ina saa yake. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kama hospitali ni ya serikali, hutangulia notisi ya siku 90, na siku hizo zisikulaze ukasahau miaka mitatu.

Msimwonee mtarajali. Matokeo mabaya si lazima yawe uzembe. Watu hufa mikononi mwa madaktari bora. Na kosa likiwepo, uliza pia msimamizi alikuwa wapi, na wodi ile ilikuwa na watu wangapi wa zamu. Kumwangushia mzigo wote kijana wa mwisho kwenye mstari ni rahisi, na hospitali nyingine huona hivyo ni nafuu.

Lililobaki ni daftari. Hapa kwetu mgonjwa hutembea na daftari lake la hospitali, na wengine hulichanachana kuwashia moto likijaa. Msilichane. Humo mna tarehe, dawa, na mara nyingi sahihi ya aliyekutibu. Ukiona sahihi bila jina, omba aandike na jina. Shangazi yangu analo lake hadi leo. Ukurasa wa siku ile una neno "mgongo" na sahihi isiyosomeka.

Sasa nitakaa pale chini ya mwembe hadi saa kumi. Aliyekuja na daftari au jalada alilete tulisome pamoja, na mwenye shauri la aibu asiulize mbele ya watu. Tutatafuta pa faragha.